Imani ya Thamani Moja: Neema na Amani katika Maisha ya Mkristo wa Simiyu

Imani ya Kikristo huanza kwa kupokea. Waraka wa Pili wa Petro, katika mistari yake miwili ya kwanza, unawataja wasomaji wake kuwa ni watu waliopewa imani yenye thamani ileile waliyo nayo mitume, kisha unawatakia neema na amani viongezeke kwao kadiri wanavyomjua Mungu na Yesu Kristo. Salamu hiyo ni fupi, na wengi huipita haraka wakitafuta habari zinazofuata. Hata hivyo imebeba mafundisho ambayo Kanisa limeyatafakari kwa karne nyingi: kwamba imani ni kitu ambacho mtu hupewa, kwamba neema ndiyo chemchemi ya kila alicho nacho mwamini, na kwamba amani huzaliwa humo. Mpangilio huo una maana yake. Anayeanza kwa kutafuta amani bila kuijua neema huishia kutafuta kinga, na katika nyanda za Usukuma, ambamo Simiyu imo, kinga huwa na bei.

Neno la kutazamwa kwanza ni lile la thamani moja. Waliosoma waraka huo hawakumwona Yesu kwa macho, hawakuwa pamoja naye Galilaya, na wengi wao yaelekea hawakuwa Wayahudi. Mwandishi hawaweki daraja la pili. Imani ya mtume aliyetembea na Bwana na imani ya aliyesikia habari kwa mtu wa tatu ni moja, kwa kuwa aliyeitoa ni mmoja na anayeaminiwa ni mmoja.

Jambo hilo lina uzito wa pekee mahali ambapo Injili iliingia kwa mikono ya wageni. Nassa, kando ya Ghuba ya Speke katika wilaya ambayo leo ni Busega, ilikuwa kituo cha Waanglikana wa Church Missionary Society, CMS, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1909 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, shirika lililoanzishwa mwaka 1895, na kutoka humo likakua kanisa ambalo mwaka 1964 lilijitegemea na leo ni Africa Inland Church Tanzania, AICT. Upande wa Wakatoliki, Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kuweka makao Bukumbi, kusini mwa Mwanza, tangu mwaka 1883. Na mwaka 1954 Wamaryknoll kutoka Marekani walianza kazi katika jimbo lililoitwa Maswa, ambalo mwaka 1956 lilibadilishwa jina likawa Jimbo la Shinyanga. Wageni hao walikuja na shule, dawa, vitabu na pia mazoea ya kwao. Ilikuwa rahisi kwa mwamini mpya kudhani kwamba imani ya mmisionari ni nzito kuliko yake, na kwamba mtu hukaribia Mungu kwa kadiri anavyofanana na Mzungu. Waraka wa Petro unalikata wazo hilo kwenye mzizi. Bibi wa Itilima asiyejua kusoma, aliyebatizwa akiwa na wajukuu, ana imani yenye thamani ileile na ya Petro mwenyewe.

Imani hupokelewaje? Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 10, anaeleza kwamba huja kwa kusikia. Lazima pawe na ujumbe, na pawe na mtu wa kuuleta. Ndiyo maana tafsiri ya Maandiko ilikuwa kazi ya kwanza na ngumu kuliko zote: Agano Jipya la Kisukuma lilichapwa mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Na ndiyo maana sifa kubwa ya kuieneza imani Usukuma inawastahili zaidi makatekista na wainjilisti wenyeji kuliko waanzilishi wanaotajwa kwenye vitabu. Wao ndio waliotembea kwa miguu na baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji, wakafundisha chini ya miti, wakawazika watu, wakarudi nyumbani kulima kama wengine. Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza mafunzo ya miaka 4 kabla ya ubatizo. Muda huo uliwachosha wengi, lakini ulitokana na hoja nzito: mtu apewe nafasi ya kusikia kweli kabla ya kukiri.

Kusikia peke yake, hata hivyo, si imani. Waraka wa Yakobo unakumbusha kwamba hata mashetani wanajua kuwa Mungu ni mmoja, na kujua huko kunawatetemesha tu. Walimu wa Kanisa wamezoea kutaja mambo matatu yaliyo ndani ya imani: kuujua ujumbe, kuukubali kuwa ni kweli, na kujikabidhi kwa yule anayehubiriwa. Hilo la tatu ndilo linaloibeba roho ya jambo, na ndilo ambalo mwanadamu hawezi kujitengenezea. Katika Marko sura ya 9, baba mwenye mtoto mgonjwa anakiri imani yake na papo hapo anaomba asaidiwe kutokuamini kwake, na ombi hilo lenye mashaka linapokelewa. Kipimo cha imani, basi, si nguvu ya hisia za anayeamini. Imani ndogo iliyomshika Kristo inatosha, kwa sababu anayeokoa ni Kristo.

Wasukuma hawakuhitaji kuambiwa kwamba Mungu yuko. Walimjua kama Muumba, na mojawapo ya majina waliyomwita ni Liwelelo. Lakini mambo ya kila siku, yaani mvua, uzazi, ng'ombe na magonjwa, yaliendeshwa na uhusiano na mababu, masamva, waliojengewa vijumba vidogo uani na kupewa haki zao. Mambo yalipokwenda kombo, mfumu, yaani mganga wa jadi, alichinja kuku na kusoma dalili ndani ya mwili wake ili kujua ni babu gani amesahauliwa au ni jirani gani ana ubaya. Utaratibu huo haukuwa upuuzi. Ulitunza heshima kwa wazee na uliwafanya watu waone kwamba walio hai na waliokufa ni ukoo mmoja. Palipokuwa na tofauti na Injili ni katika suala la ukaribu na malipo: Muumba alikuwa mbali, na walio karibu walidai. Habari mpya iliyoletwa ilikuwa kwamba Muumba mwenyewe amekaribia, na kwamba amekaribia bila kudai kitu kwanza.

Hapo ndipo neema inapoingia. Neema, kwa maana ya msingi, ni upendeleo wa Mungu kwa wasiostahili, na pia ni nguvu yake inayofanya kazi ndani yao. Paulo katika Waefeso sura ya 2 anafundisha kwamba wokovu ni kwa neema kwa njia ya imani, na kwamba jambo hilo zima ni zawadi, lisije likampa mtu sababu ya kujisifu. Mwalimu aliyelichimba fundisho hilo kuliko wengine katika Kanisa la kale alikuwa Mwafrika: Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo, akawa askofu wa Hippo hadi kufa kwake mwaka 430. Mpinzani wake, mtawa Pelagius, alifundisha kwamba mwanadamu ana uwezo wa kutimiza amri za Mungu kwa utashi wake akiamua. Augustino aliyajua maisha yake mwenyewe vizuri mno asiweze kukubali hayo. Alishikilia kwamba hata hamu ya kumgeukia Mungu huanzishwa na Mungu mwenyewe. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418, uliokutanisha maaskofu wa Afrika, ulilihukumu fundisho la Pelagius.

Suala hilo lilirudi kwa kishindo karne ya 16, Martin Luther aliposisitiza kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani peke yake, nao Mtaguso wa Trento, katika hati yake ya mwaka 1547, ukajibu kwamba neema humfanya mtu awe mwenye haki kwa ndani na kumwezesha kushirikiana nayo. Wakristo wakagawanyika kwa zaidi ya miaka 400. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote aliyo nayo. Tofauti hazikuisha zote. Mjini Bariadi, mkoani Simiyu, zinaonekana hadi leo: Mkatoliki humpeleka mtoto mchanga kubatizwa, akiona kwamba neema humtangulia hata asiyejua kuiomba, ilhali mwamini wa AICT hungoja mwanawe akue, akiri mwenyewe, ndipo azamishwe katika maji mengi. Pande zote mbili, hata hivyo, zinafundisha kwamba anayebatizwa anapokea, naye hana alichokilipia.

Fundisho hili linajaribiwa sana kwenye suala la sadaka, na hapa pafaa kukaa kidogo. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 na ambao kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 2, ni mkoa wa wakulima na wafugaji, na pamba ndiyo zao lake kuu la biashara. Msimu wa kuvuna unapofika, makanisa hufanya sikukuu ya mavuno. Watu huja na magunia ya mahindi na mtama, viazi, mbuzi, kuku waliofungwa miguu, mayai ndani ya kisahani. Baada ya ibada hufunguliwa mnada uwanjani. Mtu hununua jogoo kwa bei inayozidi ya sokoni, kisha humrudisha ili anadiwe tena, na jogoo yuleyule anaweza kupita mikono kadhaa kabla ya jua kugeuka. Kinachotendeka hapo kikieleweka vizuri ni shukrani. Mvua ilikwisha kunyesha, mahindi yalikwisha kukomaa, na mtoaji anarudisha sehemu ya alichopewa. Hakuna anayenunua mvua ya mwaka ujao.

Kikieleweka vibaya, kitendo hichohicho hugeuka kuwa biashara. Wako wahubiri wanaofundisha kwamba sadaka ni mbegu ambayo lazima izae mara nyingi, na wanaouza mafuta, maji na vitambaa wanavyoviita vya upako. Mkulima aliyeuza pamba yake jana ndiye anayelengwa, na mama mwenye mtoto anayeumwa ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu asipopona ataambiwa imani yake ilikuwa haba. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, kinasimulia juu ya Simoni, mchawi wa Samaria, aliyewaletea mitume fedha ili apewe uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea vikali kuliko alivyowakemea watu wengi, kwa kuwa karama ya Mungu ikishawekewa bei, si karama tena, na maskini amefungiwa mlango. Kuuza neema ni dhambi nzito, na kuiuzia jamii ambayo tayari imezoea kulipia kinga ni kuirudisha kwenye hofu ileile ambamo Injili iliitoa, safari hii kwa jina la Yesu.

Je, neema ya bure haimfanyi mtu kuwa mvivu wa mema? Swali ni la zamani. Paulo alilikuta na kulijibu katika Warumi sura ya 6. Waefeso 2 yenyewe inaendelea kusema kwamba waliookolewa kwa neema wameumbwa watende matendo mema, na Waraka kwa Tito unasema neema ndiyo inayomfundisha mtu kukataa uovu. Kazi ipo, ila mahali pake ni baada ya zawadi. Aliyeacha ulevi, aliyerudisha ng'ombe wa wizi, aliyemrudia mke aliyemtelekeza, hajilipii wokovu. Anaishi kile alichokwisha kupokea.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulisisitiza jambo hilo kwa namna ya pekee. Mwaka 1942 ulifika kwa Wamenoni wa Shirati, katika mkoa jirani wa Mara. Walioguswa nao waliungama hadharani, wakarudisha mali walizochukua, na walipokutana waliitana ndugu, Mwafrika na mmisionari, kwa sababu kila mmoja alijiona amesamehewa deni lilelile.

Amani ndiyo ya mwisho katika mpangilio, na maana yake ni pana. Usukuma unaijua amani inayolindwa kwa nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha ulipozidi, wanavijiji wa Shinyanga na Tabora walijipanga kuwa sungusungu, wakiwa na pinde, mishale na filimbi. Walifanikiwa kuupunguza wizi. Pamoja na hayo, baadhi yao waliwageukia watu walioshukiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, wakawatesa au kuwafukuza. Amani ya ulinzi inahitajika, na Biblia haiidharau. Lakini haiwezi kufika mahali hofu inapoishi.

Amani inayohubiriwa na mitume huanzia kwingine. Warumi sura ya 5 inafundisha kwamba waliohesabiwa haki kwa imani wana amani na Mungu. Hii kwanza ni hali ya uhusiano, kabla ya kuwa hisia ya moyoni: uadui umeisha, hakuna kesi tena. Kutokana nayo hutulia dhamiri, na kutokana na dhamiri iliyotulia huwezekana amani na jirani. Asiyejua kama Mungu yu upande wake hawezi kuacha kuangalia nyuma.

Kipimo cha amani hiyo ni ugonjwa na msiba. Mtoto akifa ghafla, au ng'ombe wakianguka mmoja baada ya mwingine, swali linaloulizwa katika nyumba nyingi ni moja: nani amefanya hivi? Likishaulizwa, lazima apatikane mtu, na mara nyingi ni bibi kizee. Katika nyanda zenye miti michache, akina mama hupikia samadi iliyokauka, mabua na miti ya pamba. Moshi wake huchoma macho miaka nenda miaka rudi, hata macho ya bibi kizee yakawa mekundu. Na wekundu huo umechukuliwa kuwa alama ya mchawi. Wanawake waliopika kwa ajili ya watoto na wajukuu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho waliyoyapata jikoni. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mei 2014 mwanamke mwenye ualbino aliuawa mkoani Simiyu. Mauaji hayo ni kazi ya wahalifu na sheria inapaswa kuyashughulikia. Lakini hofu inayoyalisha ni suala la mafundisho ya dini pia, na makanisa hayawezi kuiachia polisi peke yao.

Injili ya Yohana, sura ya 9, inaligusa swali hilo moja kwa moja. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa kumtafuta mwenye kosa, kisha anamponya yule mtu. Mkristo aliyeipokea neema hana wajibu wa kueleza kila msiba wala kumpata wa kumlaumu. Anaweza kumpeleka mgonjwa hospitali, kuomba, kulia, na kumwachia Mungu asichokijua. Anayekwenda kanisani asubuhi na kwa mfumu usiku, jambo ambalo wachungaji na mapadri wa Usukuma wanalijua vizuri, mara nyingi si mnafiki. Ni mtu aliyefundishwa amri za imani kabla ya kufundishwa kwamba amekwisha kupendwa, naye akipatwa na msiba hutafuta mahali pa kushika. Kumtenga bila kumfundisha neema huongeza hofu yake.

Amani hiyo hushuka pia kwenye mahusiano. Katika Misa ya Kikatoliki waamini hupeana mikono ya amani kabla ya kukomunika, na mafundisho ya Yesu katika Mathayo 5 yanamtaka anayeleta sadaka aiache kwanza, akapatane na ndugu yake. Kwenye vijiji ambako mgogoro wa mpaka wa shamba au wa ng'ombe walioingia kwenye pamba unaweza kudumu vizazi viwili, agizo hilo ni gumu, na ni la lazima.

Waraka wa Petro unasema neema na amani huongezeka kwa kumjua Mungu, nao hauachi jambo hilo hewani. Mistari inayofuata inawataka wasomaji waongeze juu ya imani yao wema, maarifa, kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu na upendo. Kumjua Mungu, kwa mwandishi huyu, ni kuishi naye kwa bidii. Njia za kawaida zinajulikana: Neno, sala, sakramenti, ushirika. Wakatoliki wa Afrika Mashariki, hasa tangu mkutano wa maaskofu wa AMECEA wa mwaka 1976, wamezifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji: kaya chache za jirani hukutana kila wiki, husoma Injili, huombeana na kugawana kazi za kuwahudumia wagonjwa na wafiwa. Waprotestanti wana ibada za nyumbani na vikundi vya kwaya, ambako vijana wengi huijua Biblia kwa kuiimba kabla ya kuisoma.

Wapo wanaopokea yote hayo na bado hawaioni amani. Mama aliyefiwa, kijana ambaye moyo wake umezama kwenye huzuni isiyo na jina, mzee anayesumbuliwa na maumivu yasiyopoa. Hawa hukaa kwenye benchi la nyuma wakidhani wamekosea mahali. Mafundisho ya Kanisa hayawahukumu. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na jibu lililokuja lilikuwa kwamba neema inatosha; mwiba ulibaki. Kuna huzuni zinazohitaji daktari, na kwenda kwake si upungufu wa imani. Kuna nyakati pia ambazo mtu hawezi kuamini kwa nguvu zake, na wengine humwaminia. Katika Marko sura ya 2, watu wanne wanambeba mgonjwa aliyepooza, wanatoboa dari na kumshusha mbele ya Yesu. Na Injili inasema Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba, akamsamehe yule aliyelala. Jumuiya inayojua hivyo haimngoji mgonjwa aje ibadani. Humwendea kwake, humpikia uji, humfulia, husali naye sala fupi, na wiki inayofuata hurudi.